Sekunde 40 za bure: nilivyojifunza kujumlisha na kutoa taimukodi kwa maumivu

Ukiingiza kwenye kikokotoo cha simu 5.03 kutoa 4.12 utapata 0.91, na kikokotoo hakijadanganya. Mimi ndo nilijidanganya, maana zile zilikuwa dakika na sekunde za taimukodi, yani namba za muda zinazokimbia kwenye video, na hiyo 0.91 ikanila laki moja na nusu, usingizi wa siku nne na nusura inilie mteja niliyemsubiri mwaka mzima. Naandika kwa yeyote anayekata video, hasa sisi wa mikoani tuliojifunza wenyewe kwa kuchungulia wenzetu, usije ukakesha kama nilivyokesha mimi Chikongola, Mtwara mjini, umeme umekatika, feni imelala, jasho linadondokea kibodi.

Mimi kazi yangu harusi. Harusi, sendofu, kicheni pati, mahafali, mara moja moja mechi pale uwanja wa Nangwanda. Kwenye harusi hakuna mtu anakuuliza fremu, yani picha moja moja zinazounda video, unaburuza klipu kwenye taimulaini, ule mstari wa kupangia vipande, unakata kwa jicho, bibi harusi akionekana kapendeza na mama mkwe yumo basi umelipwa. Zile namba zinazokimbia juu ya skrini nilikuwa naziona kama saa ya ukutani kwenye nyumba ya mtu mwingine, zipo tu.

Sasa mwezi wa kumi, msimu wa korosho umefunguka, akaja dada mmoja kutoka Dar anatengeneza filamu ya wakulima. Tukazunguka wiki mbili, Newala, Tandahimba, tukahoji watu tisa, tukapiga na mnada. Makubaliano laki sita, advansi akanipa laki mbili. Akarudi Dar na kopi, mimi nikabaki na orijino, akaniambia mdogo wangu nitakutumia orodha, ila kitu kimoja zingatia, filamu isizidi dakika 26 hata kwa sekunde.

Orodha ikaja kwa WhatsApp, vipande 41, kila kimoja kinapoanzia na kinapoishia. Mfano kipande cha kwanza 00:04:12:18 mpaka 00:05:03:07. Kwa asiyejua, hiyo ni saa, dakika, sekunde, halafu fremu, yani picha ya ngapi ndani ya hiyo sekunde. Kamera yetu ilikuwa inapiga picha 25 kwa sekunde kwahiyo fremu zinaanzia 00 zinaishia 24, ikifika 25 inageuka sekunde nyingine. Akaniomba kabla sijakata chochote nimpe jumla ili ajue kama inaingia kwenye 26.

Mi nikashika simu. 5.03 kutoa 4.12, 0.91, nikaandika sekunde 91. Fremu nikazitupa, nikasema vitu vidogo hivyo vya nini. Nikaenda hivyo hivyo mpaka cha 41, nikajumlisha, nikagawa kwa 60, nikamjibu kwa kujiamini kabisa: dada, jumla ni dakika 34 na sekunde 10.

Aisee. Kile kipande kina sekunde 50 na fremu 14, siyo 91. Kikokotoo kinakopa kwa mia wakati dakika ina sitini. Kila penye sekunde za mwisho ndogo kuliko za mwanzo, kinakopa dakika moja na kuihesabu mia, hapo umeongezewa sekunde 40 za bure. Penye sekunde za mwisho kubwa jibu linatoka sahihi, na hiyo ndo inakupoteza zaidi, maana ukijaribu kimoja viwili unaona vizuri unaamini vyote. Kwenye orodha yangu vipande 17 vilikuwa vya kukopa. Kumi na saba mara 40 ni sekunde 680, dakika 11 na sekunde 20 ambazo hazipo duniani. Jumla ya kweli ilikuwa dakika 22 na sekunde 50.

Na ningeshtuka mapema tu kama ningekuwa naangalia ninachoandika. Klipu inayoanza dakika ya nne na kuisha mara tu ya tano imeingia itakuwaje na dakika moja na nusu? Siku hizi kabla sijahesabu nakisia kwa macho kwanza, kama dakika, kama nusu dakika, jibu likija mbali na kisio langu nasimama.

Yule dada kwa kuniamini akaanza kukata. Akaondoa vipande 11 ili ashuke mpaka dakika 25 na sekunde 40, kwa hesabu yangu ile ile mbovu. Miongoni mwa alivyoondoa ni cha bibi mmoja wa Newala anayeeleza kangomba, jinsi mnunuzi anavyokuja na bakuli wakati ndani hakuna unga, korosho bado ziko mtini, anakupa hela kidogo na mavuno yote yanakuwa yake. Kipande kitamu kuliko vyote, aliniambia kakitoa huku roho inamuuma. Akaandika maneno ya msimulizi upya, akajiandaa kuingia studio Dar sauti irekodiwe kufuata ule mpangilio. Ndo nami nikaanza kupanga vipande 30 kwenye taimulaini. Namaliza naangalia mwisho, dakika 17 na sekunde 40.

Nikadhani nimesahau vitu. Nikahesabu, 30. Nikahesabu tena, 30. Pungufu dakika nane kamili. Nilikaa siku mbili simwambii, na hili ndo kosa ninalolijutia kuliko hata hesabu yenyewe, kwasababu siku hizo mbili ndo alizolipia studio. Ningempigia ile ile jioni hela yake ingepona. Nilipompigia alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekata, halafu akasema tu, hela ya studio tutagawana. Fungu langu laki moja na nusu.

Jumapili nikaenda Mikindani kumsalimia babu, kiukweli nilikuwa nakimbia laptopu. Babu zamani aliuza boriti za mikoko, na boriti kwa wazee wa pwani zinahesabiwa kwa korija, korija moja boriti 20. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza uso gani huo, umefiwa? Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hebu nina korija tatu na boriti tano. Nitolee korija moja na boriti kumi na nane."

Nikamwambia tano kutoa kumi na nane haiwezekani, navunja korija moja, boriti zinakuwa 25, natoa 18 zinabaki saba, korija zimebaki mbili natoa moja. Korija moja na boriti saba.

"Sasa mbona hapo hukulia?"

Kweli bana, mbona sikulia. Kichwani najua korija ina 20, siwezi kuikopa kama ina mia. Taimukodi ni korija zilizofungwa ndani ya korija, fremu 25 zinafunga sekunde, sekunde 60 zinafunga dakika, dakika 60 zinafunga saa. Kila ngazi ina korija yake. Unaanzia kulia kwenye fremu: 07 kutoa 18 haitoki, kopa sekunde moja ambayo ni fremu 25, inakuwa 32, toa 18 inabaki 14. Sekunde zilikuwa 03 umeshakopa moja zimebaki 02, 02 kutoa 12 haitoki, kopa dakika moja ambayo ni sekunde 60, inakuwa 62, toa 12 inabaki 50. Dakika 05 zimebaki 04, toa 04, hamna kitu. Sekunde 50 na fremu 14.

Akaongeza, "Na mzigo ukiwa mwingi usihangaike na kukopa. Vunja korija zote hesabu boriti, ukimaliza funga upya." Hii ndo njia ninayoitumia mpaka leo. Kwenye 25, dakika moja ni fremu 1,500, saa moja ni fremu 90,000. Kwahiyo 4:12:18 ni 4 mara 1,500, jumlisha 12 mara 25, jumlisha 18, inakuja 6,318. Na 5:03:07 ni 7,582. Toa, unapata 1,264. Gawa kwa 25 unapata 50 na inabaki 14. Jibu lile lile, na kikokotoo cha simu sasa ni rafiki yako maana unafanya nacho namba nzima, hamna nukta. Ukiwa na vipande 41 unajumlisha fremu tupu mpaka mwisho, unafunga korija mara moja tu.

Nikaiweka kwenye Excel, kwa kila taimukodi safu nne, saa, dakika, sekunde, fremu, na safu ya tano inazigeuza kuwa fremu. Usiandike taimukodi nzima kwenye kisanduku kimoja ukategemea Excel ihesabu, haijui fremu ni nini. Na ukitumia fomati yake ya saa kwa jumla kubwa ikipita saa 24 inarudi sifuri kimya kimya, labda uweke ile fomati yenye saa ndani ya mabano ya mraba. Mi nikaachana nayo nikabaki na namba nzima.

Ungedhani hapo yameisha. Vipande vitatu vya mnada alivipiga kijana mmoja wa Tandahimba kwa simu, sisi tulikuwa tumeharibikiwa gari njiani. Kwenye orodha nikakuta fremu 27. Sasa kwenye 25 fremu 27 inatoka wapi? Simu yake ilipiga 30 kwa sekunde. Kwahiyo ukiona kwenye orodha namba ya fremu 25 au zaidi jua hiyo siyo ya kwako, ila ubaya ni kwamba namba ndogo haikuambii kitu, fremu 12 inaweza kuwa ya 25 au ya 30, na 12 ya kwenye 25 ni karibu nusu sekunde wakati ya kwenye 30 haifiki hapo. Uliza kwanza klipu ilipigwa ngapi kwa sekunde, halafu usijumlishe boriti za korija mbili tofauti kwenye fungu moja. Vunja kila kimoja kwa korija yake, igeuze iwe sekunde zenye desimali, ndo ujumlishe. Na simu nyingi hata hiyo 30 hazikai nayo, giza likiingia inashuka yenyewe, kwahiyo mi klipu ya simu naigeuza kwanza iwe na idadi moja isiyobadilika, bila hivyo sauti na mdomo vinaachana taratibu na wewe unabaki unalaumu hesabu.

Kuna nyingine ya mtafiti aliyetupa picha zake za zamani za mashamba, kamera yake kanunua Marekani. Hiyo kabla ya fremu ilikuwa na nukta mkato badala ya nukta mbili, nikadhani kakosea kuchapa nikazisahihisha zote, mjuaji! Kumbe ile alama ina maana. Kamera za kule zinapiga 29.97 kwa sekunde, siyo 30 kamili, ukihesabu kama 30 kila saa moja unachelewa sekunde 3.6 dhidi ya saa ya kweli. Kwahiyo wakaamua kuruka namba, kila dakika ikianza wanaruka namba 00 na 01, isipokuwa dakika zinazoishia na sifuri. Baada ya 00:00:59;29 inakuja 00:01:00;02. Picha hazikatwi, zinarukwa namba tu. Kwahiyo dakika 10 siyo fremu 18,000 ila 17,982. Mimi nilitumia 18,000, nikawa napitiliza fremu 18, nafika mahali mtu keshafumba mdomo. Zikiwa klipu za hivyo mi sihesabu kwa mkono, naacha softiwea ihesabu.

Halafu saa zetu wenyewe zikanigeuka. Kamera kubwa tuliiweka taimukodi ifuate saa ya siku, na kijana aliyekuwa anaandika noti alikuwa anaangalia saa yake ya mkononi anaandika kama anavyoongea, "saa 4:35 mwenyekiti anafungua mnada". Nimetafuta 04:35 kwenye memori kadi zote, hamna, nikaanza kuhisi klipu imepotea, nikampigia kwa hasira. Akaniambia kaka, saa nne ya asubuhi si kumi ya kizungu? 10:35 nikaikuta imetulia pale. Tangu hapo mwandika noti haangalii saa ya mkononi, anaandika namba anazoziona kwenye skrini ya kamera basi.

Na ukiwa unafuata saa ya siku kuna mtego wa usiku wa manane, huu ulinikuta baadaye kwenye harusi Lindi. Ngoma imeanza 23:52:10:00 imeisha 00:06:40:00. Ukitoa unapata hasi. Jumlisha saa 24 kwenye ile ya mwisho kwanza, iwe 24:06:40:00, ndo utoe, dakika 14 na sekunde 30.

Sabutaito sasa. Wazee wengi waliongea Kimakonde, mwalimu mmoja mstaafu akatutafsiria, Mungu ampe maisha marefu, kazi nzuri kabisa. Faili la sabutaito tulilotumia haliandikwi kwa fremu, baada ya sekunde kuna mkato halafu namba tatu, na hizo ni milisekunde, yani sekunde moja imegawanywa mara elfu. Sekunde moja na nusu inaandikwa 00:00:01,500. Dada akarefusha kichwa cha filamu kwa sekunde 8 na fremu 10, kwahiyo maneno yote yasogee mbele kiasi hicho. Mi nikasogeza 8,010. Sabutaito zikawa zinatangulia, bibi hajafungua mdomo jibu lake limeshatoka chini, ukumbi wote ungecheka. Kwenye 25 fremu moja ni milisekunde 40, fremu 10 ni 400, ilitakiwa 8,400. Nilikuwa nimewahi kwa 390, karibu fremu kumi nzima, na jicho linaiona vizuri tu.

Mwisho wa yote tukarudisha vipande vyote 11, bibi wa Newala akiwa wa kwanza, dada akaongeza vingine vinne kwasababu nafasi kumbe ilikuwepo, jumla 45. Karatasi yangu na taimulaini zikatofautiana kwa sekunde 1 na fremu 20. Kidogo sana ila safari hii nilikuwa sikubali, nilishaumwa na nyoka. Nikageuza kuwa fremu, 45. Arobaini na tano! Idadi ya vipande. Kumbe dada alipoandika mwisho wa kipande alikuwa anaandika ile fremu ya mwisho anayotaka ionekane, mimi natoa mwisho kwa mwanzo, na ukitoa hivyo fremu ya mwisho inabaki nje. Ni kama ukisema nimekaa Lindi kuanzia tarehe 3 mpaka tarehe 5, ukitoa unapata mbili, lakini siku ulizokaa ni tatu. Kwahiyo muulize mteja, hii ya mwisho imo au haimo? Ikiwa imo ongeza fremu moja kila kipande. Tofauti ikilingana na idadi ya vipande usitafute mchawi mbali.

Tukafunga kwenye dakika 25 na sekunde 51. Laki moja na nusu ilikatwa kwenye malipo ya mwisho, nikabaki na laki nne na nusu, na hapo toa nauli za Newala na bando la kutuma mafaili makubwa ambalo sikulihesabu mwanzo, lilinifikia kama elfu 60. Dada hakuniacha, kazi ya pili kanipa mwezi wa pili.

Filamu nikampelekea babu Mikindani kwa simu, akaiangalia yote, kwa bibi wa kangomba akatikisa kichwa. Halafu akaniuliza swali nililokuwa silitegemei, kwanini 25? Si wangefunga kwa 20 kama korija, hesabu ikawa rahisi? Nikamwambia televisheni za Ulaya zamani zilifuata umeme wao unaotetemeka mara 50 kwa sekunde, picha wakachukua nusu yake, 25, na umeme wetu sisi ni wa 50 vile vile. Marekani umeme wao 60 ndo maana wakaenda 30, ikawa 29.97 walipoingiza rangi.

Babu akaangalia taa juu, ilikuwa imezimika tangu mchana.

"Yani hesabu yote hiyo imetoka kwenye umeme huu huu? Na gesi tunayo hapo Mnazi Bay!"